Vyumba Vingapi, Bi Kazija?

Bi Kazija alirudi kutoka dukani na mkate wa boflo na nusu kilo ya sukari, akamkuta wifi yake Masika ameinamia meza, kidole juu ya karatasi, anagawa nyumba.

"Hiki cha kusini ndicho changu," Masika alikuwa akisema. "Kina upepo. Hiki cha katikati mwekeeni mwanenu Othman na wanawe wakija Sikukuu. Nyie wawili kaeni hiki cha mbele, karibu na mlango, mpate kusikia watu wakibisha."

Mzee Msellem, mumewe Kazija, alikuwa kitini na miwani puani, anaitikia kwa kichwa kila dada yake anapohamisha kidole.

Karatasi ile ilikuwa ramani ya nyumba za Ushirika wa Wastaafu, zilizokuwa zinamaliziwa kujengwa mlimani, nje kidogo ya Mkoani. Zilikuwa za namna tatu: za chumba kimoja cha kulala, za viwili na za vitatu. Anayetaka alitia alama kwenye kisanduku kimoja cha fomu, akairudisha kwa katibu kabla ya adhuhuri ya Alkhamisi. Fomu ilikuwa na jina la Kazija. Pesa zilikuwa kiinua mgongo cha Kazija, muuguzi wa miaka thelathini na minne. Na nyumba ya serikali waliyokuwa wakikaa, waliyoipata kwa ajili ya kazi yake, ilitakiwa irudishwe mwisho wa mwezi, imekwisha kupakwa chokaa. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Karatasi hiyo imetokaje kwenye mkoba wangu?" Kazija aliuliza.

"Kwani ni siri?" Masika akasema bila kuinua kichwa. "Nyumba ya watu wote hii."

Kazija aliweka mkate mezani, juu ya chumba cha kusini.

"Mie nachukua ya chumba kimoja."

Masika alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akanyamaza, akamtazama kaka yake, kisha akamrudia wifi yake.

"Chumba kimoja! Na wageni walale wapi?"

"Makwao."

Msellem alivua miwani. Masika akajifunga kanga yake upya, akatoka kwenda uani, na kule uani akaeleza kwa sauti ya kufika kwa jirani kwamba yeye hakuja kwa mtu, alikuja kwa kaka yake. Wiki sita nyuma alikuwa ametoka Wingwi kupanda meli kwenda Unguja kutazamwa macho. Alikwenda, akatazamwa, akarudi. Siku aliyorudi alisema atapumzika siku mbili tu, maana mawimbi yamemchosha.

Hakuwa wa kwanza. Meli ya Unguja huondoka Mkoani asubuhi, na mtu wa Wingwi au wa Makangale asipolala Mkoani, meli humwacha. Kwa hiyo kila aliyekuwa jamaa wa Msellem, na jamaa wa jamaa zake, na jirani wa jamaa wa jamaa zake, alilala kwao. Walikuja na watoto wenye homa, na makuku yaliyofungwa miguu, na kesi za ardhi. Aliyekuwa na adabu alileta mkungu wa ndizi, na mkungu huo ukawa ndiyo kodi yake ya wiki mbili. Kazija alikuwa akitoka zamu ya usiku hospitali, miguu imevimba, akifika nyumbani kitandani kwake kuna mtu. "Nimempa chumba," Msellem humwambia, uso umejaa furaha. "Nimeona weye uko kazini, kitanda kitupu." Naye Kazija hutandika ukumbini, watu wakipita wakimruka, akilala nusu saa kwa vipande.

Siku ile jioni, baada ya Magharibi, Msellem alimfuata jikoni.

"Bi Kazija, nisikilize. Mtu mzima kama mie, niliyekuwa karani bandarini, watu wote wananijua, nikaonekane katika nyumba ya chumba kimoja? Watasema nimefilisika."

"Waambie si yako. Ni yangu."

"Hilo ndilo baya zaidi."

Kazija aligeuza samaki kwenye kikaango. Pesa za Msellem mwenyewe, alipostaafu yeye, ziliingia katika nyumba ya ukoo kule Wingwi. Nyumba ilifika kwenye madirisha ikasimama hapo. Sasa humo walikuwa wakilala mbuzi.

"Othman amepiga simu," Msellem akaendelea. "Naye anasema vitatu. Anasema watoto wake wanataka kuwajua babu na bibi yao."

"Othman amekuja mara mbili katika miaka mitano."

"Kwa sababu hakuna nafasi!"

"Pesa zangu mwisho ni ya viwili, ya vitatu hazifiki. Zinapungua milioni saba."

"Zitapatikana."

"Zitapatikana wapi?"

"Mungu ni mkubwa."

Kazija alimtazama. Kila Msellem alipomtaja Mungu katika habari ya pesa, huwa amekwisha kupanga jambo ambalo hajalisema. Lakini samaki walikuwa wanaungua, na Masika alikuwa mlangoni anauliza kama chai imekwisha au imefichwa.

"Na hata ukichukua hicho kimoja chako," Msellem akasema kwa upole kabisa, "haina neno. Mgeni akija tutampisha chumba, mie na weye tutatandika ukumbini. Si tumezoea?"

Aliyasema bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililokuwa likimchosha Kazija miaka yote: mtu huyu hakuwa na ubaya. Angekuwa nao, mtu angepata pa kumshika.

*

Jumatano asubuhi Kazija alikwenda sokoni kununua samaki. Alikuwa amesimama kwenye foleni, watu sita mbele yake na wanne nyuma, alipoitwa kwa sauti kubwa na Nassor, mtu wa kununua na kuuza mashamba, ambaye hata siri aliisema kwa sauti ya mnada.

"Bi Kazija! Hongera kwa nyumba ya vyumba vitatu! Sasa ile mikarafuu ya Mtambile, nilikwenda jana nikaitazama. Miti kumi na minane kweli, lakini miwili ya pembeni inakauka. Milioni saba nitatoa, ila mnipunguzie kidogo kwa hiyo miwili."

Mikarafuu ya Mtambile aliachiwa na baba yake. Kila msimu wa mavuno yeye mwenyewe alikwenda kusimama chini ya miti na kikapu, hata mwaka aliokuwa na mimba ya Othman.

"Mikarafuu ipi, Nassor?"

"Yako, bibi. Mzee kaniambia mmekwisha kukubaliana. Kasema hati iko tayari, kwenye sanduku chini ya kitanda, ndani ya bahasha ya kaki."

Muuza samaki alishika kisu hewani. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma ya Kazija, ambaye Kazija alimzalisha watoto watatu, akageuza uso kama mtu aliyemfungulia mwenzake mlango wa choo kwa bahati mbaya.

Kumbe hata bahasha. Hata rangi ya bahasha.

"Ahsante kwa kunambia," Kazija alisema. Akatoka kwenye foleni bila samaki. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa kushoto. Yeye akashika ya kulia, ya kupanda mlimani.

*

Katibu wa Ushirika alikuwa Mwalimu Mansukhlal. Baba yake aliuza vitambaa Mkoani, yeye akasomesha hesabu watoto wa mji mzima, na hata sasa alipokuwa akizungumza alinyoosha kidole kimoja kana kwamba kina chaki. Alimkaribisha Kazija, akamwonyesha nyumba ya mfano ya chumba kimoja: ukumbi, jiko, choo, chumba cha kulala. Rangi ilikuwa bado inanuka.

"Na mwenyewe ulichukua vingapi, Mwalimu?"

"Vitatu." Mansukhlal alionyesha kwa kidole nyumba ya pili. "Mimi nilihamia wa kwanza kabisa. Watoto wangu wako Dar es Salaam na Uingereza. Nilisema wakija wasikose pa kulala. Walikuja mara moja, wakalala hoteli kwa sababu ya joto. Vyumba viwili nafungua kila Jumamosi, nafagia, nafunga."

"Kwa hiyo unanishauri nichukue kimoja."

"Sikushauri kitu, Bi Kazija. Mie nikisikia meli inapiga honi natoka nje kutazama, na najua hakuna mtu wangu ndani yake. Usiniulize mimi mambo ya vyumba."

Simu yake ikalia, akatoka kuipokea, akaenda nayo mbali kuwagombeza watu wa saruji.

Kazija aliingia chumbani peke yake. Kilikuwa chumba kidogo, sakafu ya saruji, dirisha moja. Mlangoni palikuwa na kitasa kipya, ufunguo umening'inizwa na kipande cha karatasi ngumu. Aliusukuma mlango ukajifunga. Halafu, bila kujua kwa nini, akauzungusha ufunguo. Ukalia *tak*.

Miaka sitini aliyoishi hajapata kufunga chumba cha kulala kwa ndani. Alipokuwa mwari walilala wasichana watano. Alipoolewa mlango ulikuwa pazia. Nyumba ya serikali ilikuwa na milango, lakini funguo zilipotea kabla hawajahamia, na Msellem alisema watu wazuri hawafungiani.

Alitandika kanga moja sakafuni, aone tu mtu akilala hapa dirisha linamwelekea vipi. Akajinyoosha. Hakuna aliyemruka. Hakuna aliyeuliza chai. Alifikiria bahasha ya kaki, akaanza kupanga atakayomwambia Msellem, neno kwa neno, na kabla hajafika neno la tatu akalala.

*

Alisikia jina lake kwanza, halafu akasikia "Innalillahi".

"Bi Kazija! Kazija!" Mlango ulikuwa unagongwa kwa viganja. Sauti ya fundi ikasema leteni tindo, tuvunje kitasa. Sauti ya Mansukhlal ikasema kitasa ni kipya, jaribuni dirisha kwanza. Juu ya sauti zote alisikia Masika akilia, akimtaja wifi yake kwa sifa ambazo Kazija hakupata kuzisikia alipokuwa macho.

Alijiinua, magoti yakalia, akafungua.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mafundi watatu, Mansukhlal, Masika amejifunika uso kwa kanga, na Nassor, ambaye aliwaleta kwa gari yake. Mbele ya wote alisimama Msellem, jasho limemlowesha shati, mguu mmoja ndara yake na mguu wa pili ndara ya dada yake.

"Umeanguka?" Msellem aliuliza. "Presha?"

"Nimelala."

"Umelala vipi?"

"Usingizi, Msellem. Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa," Mansukhlal akajibu. "Nilidhani umekwisha ondoka. Nimekuja kufunga nikakuta mlango umefungwa kwa ndani, nikagonga nusu saa, mwisho nikampigia Mzee simu."

Aliingia saa nne. Kazija alihesabu kwa vidole, kama alivyokuwa akihesabu mapigo ya mgonjwa. Masaa matano mfululizo. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini, akakosa.

Masika alifunua uso, machozi yakakauka papo hapo. "Mtu ana kwake, ana mume, anakwenda kulala sakafuni kwenye majengo ya watu! Tumetiwa aibu mbele ya mji mzima!"

Fundi mmoja alicheka, mwenzake akampiga kiwiko. Kazija aliitazama miguu ya mumewe, ile ndara ndogo ya rangi ya waridi iliyomuacha kisigino nje, na moyo ukamlegea. Halafu akamuona Nassor nyuma yake, ukakaza tena.

"Nassor," akasema, "mikarafuu yangu haiuzwi. Si miti kumi na minane, si ile miwili inayokauka. Na bahasha ya kaki leo naihamisha, kwa hiyo msihangaike kuitafuta."

Msellem aliinamisha kichwa, na ilikuwa ndiyo kwanza agundue amevaa nini miguuni.

*

Alkhamisi walikwenda wote wawili, kwa sababu Ushirika ulitaka sahihi ya mume au ya mke kama shahidi. Njia nzima Msellem alijieleza. Alitaka kumshtukiza kwa furaha. Mikarafuu siku hizi haina faida. Nassor ndiye mwenye mdomo. Kazija alitangulia kupanda mlima. Usiku uliopita alikuwa ameyafikiri yale maneno ya jikoni, kwamba akichukua kimoja watampisha mgeni. Alijua ni kweli. Angechukua kimoja, wangelala ukumbini. Angechukua kumi, vingejaa kumi, na wangelala ukumbini.

Ofisini kulikuwa na wastaafu saba kwenye mabenchi, wote watu wanaojuana. Mansukhlal aliichukua fomu, akaiweka sawa na ukingo wa meza.

"Vyumba vingapi, Bi Kazija?"

"Viwili."

Msellem alishusha pumzi kwa sauti. Viwili alikuwa anaviweza. Viwili mtu anaweza kuvisema mbele za watu.

"Viwili," Mansukhlal aliandika. "Cha wazee na cha wageni. Sasa fundi anataka kujua habari ya vitasa. Cha wageni kwa kawaida tunatia komeo tu."

"Tia vitasa vyote viwili. Hakuna cha wageni. Kimoja changu, kimoja cha Mzee Msellem."

Kalamu ya Mansukhlal ilisimama. Kwenye mabenchi mtu alikohoa, na ukimya uliofuata ulikuwa wa watu wanaosikiliza kwa bidii.

"Kazija," Msellem alinong'ona. "Watu watasema tumeachana."

"Watasema."

"Miaka thelathini na minane!"

"Sijakwambia nakuacha. Nakwambia nataka kulala. Wageni wako chumba chako. Utawapisha weye, utatandika weye ukumbini, Mungu atakulipa weye. Nitawapikia, nitawapa chai. Lakini changu kina ufunguo mmoja, na ninao mie."

"Na mie nikitaka kuja?"

Alisema kwa sauti iliyosikika, masikini, na mstaafu mmoja wa benchi la nyuma akageukia ukutani mabega yanamtikisika. Masikio ya Msellem yalipata joto. Kazija alimuonea huruma, akaona pia kwamba huruma hii ndiyo iliyomgharimu vitanda vyote vya ujana wake.

"Utabisha hodi," akasema. "Kama watu."

Msellem alishika kalamu muda mrefu. Alisoma fomu yote, mpaka jina la mpiga chapa chini ya ukurasa. Halafu akatia sahihi yake ya bandarini, ile yenye mkia mrefu, ila safari hii mkia haukufika mbali.

*

Masika aliondoka kesho yake kwenda Wingwi, na kabla ya Ijumaa kwisha Wingwi nzima ilikuwa na habari kwamba mke wa Msellem amemfukuza mumewe kitandani. Othman alipiga simu kutoka Unguja, akauliza, kwa kuzungukazunguka, kama mama ana ugonjwa. Mwanawema, jirani wa zamani, alimsimamisha Kazija njiani amwambie kwamba watu wanasema, lakini yeye hasemi. Kisha akapunguza sauti akauliza kitasa kile kinauzwa bei gani.

Walihamia mwanzo wa mwezi. Wageni hawakukosekana, mlima haukuwazuia. Mwezi wa kwanza walikuja kumi na mmoja. Msellem aliwapa chumba chake kama alivyozoea, uso umejaa furaha, yeye akalala kwenye kochi ambalo miguu yake haikuenea. Kazija aliwapikia. Aliwaulizia hali za wazee wao, akawafungia vidonda, akawatilia chai ya safari kwenye chupa. Ikifika saa nne aliwatakia usiku mwema, akaingia chumbani kwake, na *tak*.

Hakuwa na raha tupu. Mara nyingine alimsikia Msellem akikohoa kule kwenye kochi, kikohozi cha mtu asiyetaka kusikika, na mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Akaurudisha. Alijua akifungua mara moja tu, kesho chumba hiki kitakuwa na mtu wa Makangale ndani yake. Msellem naye hakulalamika. Alianza kutembea ameshika kiuno, na watu walipomuuliza alisema ni upepo wa mlimani.

Mwezi wa tatu, siku moja baada ya adhuhuri, Kazija alikuwa amejinyoosha mlango ukabishwa, taratibu sana.

"Hodi."

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani?"

"Msellem."

Alikaa kitako. Tangu wahamie ilikuwa mara ya kwanza. "Una nini?"

"Kitandani kwangu wamelala watatu," Msellem alisema kutoka upande wa pili wa mlango. "Wale waliokuja na mtoto anayeumwa jino. Kwenye kochi amekaa shemeji yao, anasema anasubiri mtu. Nimetazama barazani, jua limeenea. Naomba nijinyooshe. Kidogo tu."

Kazija alifungua. Mumewe alisimama amekumbatia mto wake, nywele za upande mmoja zimesimama, macho mekundu. Alimfahamu mtu huyo. Alikuwa amemuona kila asubuhi katika kioo cha chumba cha zamu.

"Ingia. Funga mlango."

Msellem aliingia, akausukuma mlango.

"Kwa ufunguo."

Akauzungusha. Alijilaza ukingoni kabisa mwa kitanda, kama mgonjwa wa siku ya kwanza asiyejua kama anaruhusiwa kuvuta shuka. Kazija alivuta shuka akamfunika, akalala upande wake, akafumba macho.

Haukupita muda, sauti ikaja kutoka ukumbini.

"Mzee Msellem! Mzee Msellem, uko wapi? Sukari imekwisha!"

Kazija hakufumbua macho. Alisubiri. Alisikia pumzi ya mumewe ikikatika, akasikia kiwiko kikitafuta pa kuegemea, godoro likainuka upande mmoja. Sauti ikaita tena, na safari hii ilikuwa karibu na mlango, na kitasa kikatikiswa.

Polepole, godoro likashuka tena.